Uzi: Una aleji na unatamani sushi? Samaki anasingiziwa tu, wenye kesi mara nyingi ni wengine

Ngisi_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Nimekuwa naona aina mbili za watu. Kuna anayeambiwa ana aleji ya kitu fulani anaifuta sushi maishani hata kama hicho kitu angeweza kukikwepa, na kuna yule mwingine anayejiaminisha "mimi aleji yangu ngano, sushi ni wali na samaki, inanihusu nini", huyu wa pili ndo huwa anaishia kuwekewa dripu. Mimi nina aleji ya kamba na kaa tangu mdogo na sushi nakula mpaka leo, kwahiyo naweka hapa jinsi ninavyoiangalia hii kitu, wenye utaalamu mje muongezee nyama.

Kwanza tuelewane, samaki unamwona kwa macho. Jodari unamwona, salmoni unamwona, kama ndo adui yako unamkwepa. Shida ni vile ambavyo havionekani au vinaonekana lakini havifanani na vilivyo.

Chukua soya sosi. Ile ya kawaida inatengenezwa kwa soya na ngano, karibu nusu kwa nusu, halafu chumvi. Ngano iko humo na haionekani. Sasa mtu mwenye aleji ya ngano anaona ujanja ni kutokuchovya, basi kamaliza. Hajamaliza. Mpishi anaweza kuwa amempaka samaki sosi kwa brashi kabla hajakuletea, mkunga amepakwa ile sosi nzito tamu ambayo msingi wake ni soya sosi, jodari amelowekwa humo humo, na yale mayai madogo ya samaki ya rangi ya chungwa mengi yanakuja yameshakolezwa nayo. Kuna tamari, yenyewe kwa kawaida haina ngano au inayo kidogo sana, ila "kwa kawaida" sio "siku zote", omba uone chupa yenyewe. Na mwenye aleji ya soya asidanganyike, tamari ni soya tupu.

Halafu vile vijiti vya kaa, vyekundu nje vyeupe ndani. Hapa ndo huwa nachoka. Nawaambia nina aleji ya kaa, mhudumu ananijibu kwa furaha "usijali hii ni kaa feki". Ndio ni feki, imetengenezwa na samaki mweupe aliyesagwa, lakini humo wanatia ute wa yai, wanga ambao mara nyingi ni wa ngano, wakati mwingine soya, na ili inukie kaa wengi wanaweka maji ya kaa wa kweli. Kijiti kimoja kinaweza kuwapata watu wa samaki, yai, ngano, soya na kaa kwa mpigo. Mimi sikigusi na sitaki kikae kwenye sahani yangu.

Wasabi nayo. Ile pesti ya kijani tunayopewa sehemu nyingi sio wasabi, ni mzizi mwingine mkali uliosagwa ukachanganywa na haradali, wanga na rangi. Wenye aleji ya haradali hiyo ni yenu.

Ufuta sina haja ya kueleza sana, roli (sushi za kuviringishwa) zile zenye wali kwa nje zinapitishwa kwenye ufuta, na ile saladi ya mwani ya kijani inayong'aa ni mafuta ya ufuta pale. Sosi ya pilipili ya rangi ya chungwa ni mayonezi, maana yake yai, na mara nyingine inadondoshewa mafuta ya ufuta pia. Roli yenye jibini laini ni maziwa. Supu ya miso, ile pesti ya soya iliyochachushwa, ni soya, kuna miso nyingine ina shayiri, na mchuzi wake unachemshwa na samaki mkavu hata kama ndani unaona tofu na vitunguu tu.

Sasa namna ya kuuliza, na hapa ndo hoja yangu. Ukiuliza "hii ina kaa?" utajibiwa hapana. Mhudumu anajibu anachokijua yeye, na ana meza nyingi. Uliza "hii imewekwa nini na nini?" halafu nyamaza umsikilize. Akianza kubahatisha mwombe amwite anayekata. Unamwambia yule anayekata sentensi mbili: nikila kaa au kamba koo linafunga, naomba unishauri nile nini hapa. Mtu aliyeombwa ushauri anafikiri, mtu aliyeulizwa ndio au hapana anataka tu uondoke.

Karibuni.

Bwana_Mashaka

Mkuu kwani lazima? Si ule kitu kingine maisha yaendelee, yote haya kwa ajili ya wali wa baridi.

Ngisi_Mkavu

Hahaha wali wa baridi tena. Ila kuna watu jibu lako ni sahihi kabisa kwao. Mwenye aleji ya samaki yenyewe mimi nisingemshauri aingie sehemu ya sushi hata akila roli ya tango, maana kisu ni kile kile. Na mwenye mzio mkali ambao chembe tu inamlaza, hivyo hivyo. Sisi wengine tunapimia.

Fundi_wa_Visu

Nimesimama nyuma ya kaunta ya sushi miaka ya kutosha, wacha niseme yanayotokea pale maana mteja anaona mbele tu.

Kisu hakioshwi kila roli. Kinafutwa na kitambaa kibichi kilichokunjwa pembeni ya ubao, kitambaa kile kimefuta salmoni, kimefuta kamba, kimefuta mayonezi, na ndo kitafuta kisu kinachokuja kukata roli yako. Mkeka wa mianzi wa kuviringishia roli umevishwa plastiki, ile plastiki inakaa zamu nzima kama hajatokea mtu wa kuomba ibadilishwe. Kuna kibakuli cha maji yenye siki, tunachovya vidole wali usigande mikononi, vidole hivyo hivyo vimetoka kushika kila kitu. Na ufuta jamani, ufuta unaruka, mwisho wa zamu unaukuta mpaka kwenye mkono wa shati. Wali wenyewe uko kwenye chombo kimoja, mikono yote inaingia humo.

Kwahiyo mteja akisema tu "msiniwekee ufuta" na mimi nikaacha kunyunyiza, nimemsaidia nusu. Anayejua anasema hivi: naomba ubao safi, kisu kilichooshwa kwa sabuni, plastiki mpya ya mkeka, glavu mpya na maji mapya. Sio usumbufu. Tukiambiwa mapema tunafanya bila kununa, kinachotukera ni kuambiwa oda ikiwa imeshafika mezani.

Na mje sehemu inapofunguliwa. Ubao bado msafi, chombo cha wali kimefunguliwa sasa hivi, na mpishi ana muda wa kukusikiliza. Ijumaa usiku foleni mpaka mlangoni hata mimi niliye makini siwezi kukuahidi kitu.

Kingine, ile dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haiondoi kitu cha aleji. Inaua vijidudu, protini inabaki pale pale. Ukiona mtu anajipaka hiyo halafu anakwambia "nimeshasafisha", mwombe akanawe na sabuni.

Tango_Tupu

Mkuu Fundi na tempura, vile vya kuchovya kwenye unga na kukaanga, je? Mimi ni kamba tu, nikiagiza roli ya viazi vitamu vya kukaangwa si salama?

Fundi_wa_Visu

Hapana. Karai ni moja. Kamba kapita humo asubuhi, viazi vyako vinapita humo jioni, mafuta yale yale. Labda wakwambie wana karai la mboga peke yake, wachache wanalo. Na zile punje za kukaangwa zinazonyunyizwa juu ya roli zipate kupasuka mdomoni ni unga ule ule wa ngano uliochotwa kwenye mafuta hayo hayo.

Mama_Wawili

Asanteni kwa uzi huu jamani. Mimi mwanangu mkubwa ana aleji ya yai la kuku, ana miaka 9, anaalikwa na wenzake kwenye sushi na mimi nabaki roho juu. Nimuepushe na nini hasa? Na yale mayai ya samaki ni hatari kwake?

Fundi_wa_Visu

Dada yangu, vya kwanza ni kile kipande cha njano juu ya wali kimefungwa na utepe wa mwani, kile ni yai tupu. Halafu vijiti vya kaa alivyosema mwanzisha uzi, vingi vina ute wa yai. Kila kitu chenye sosi nyeupe au ya chungwa. Kila cha kukaangwa, unga wa tempura sehemu nyingi unakorogwa na yai. Cha mwisho watu hawakijui, nyama ya roli ya jodari wa pilipili imeshachanganywa na mayonezi tangu asubuhi, sio kitu naweza kukutolea pale mezani.

Mayai ya samaki namwachia nesi.

nesi_wa_zamu

Nipo. Protini za mayai ya samaki ni tofauti na za yai la kuku, mwenye aleji ya yai la kuku kwa kawaida hazimsumbui kwa sababu hiyo. Ila kuna watu wana aleji ya mayai ya samaki yenyewe peke yake, na samaki wanakula vizuri tu. Kwahiyo kama hajawahi kuyala asiyaanzie kwenye sherehe ya rafiki, muulize daktari wake kwanza.

Wacha nikazie mambo mengine nikiwa hapa maana nayaona kazini.

La kwanza, kupika hakuondoi. Naona watu wanasema "basi nitakula zile zilizopikwa". Protini inayosumbua kwenye kamba na kaa, na ile ya kwenye samaki, zote zinavumilia moto. Kamba mbichi, wa kuchemsha, wa kukaanga, kwa mwenye aleji ni kamba yule yule. Jodari ana kiasi kidogo cha hiyo protini ya samaki kuliko samaki wengine wengi, kuna watu wana aleji ya samaki lakini jodari wanamla bila shida, ila hiyo unaijua kwa vipimo vya daktari sio kwa kujaribu mezani.

La pili, ngisi, pweza na chaza ni kundi moja, kamba na kaa kundi lingine. Unaweza kuwa na aleji ya kundi moja tu au yote mawili. Ukisema tu "vya baharini" unachanganya watu, taja majina.

La tatu na kubwa. Kama ulipewa sindano ya adrenalini iwe mfukoni kwako, sio kwenye gari. Koo likianza kubana, sauti ikibadilika, pumzi ikawa ya shida, kizunguzungu, au mabaka mwilini pamoja na kutapika, unachoma paja kwa upande wa nje, hata juu ya suruali. Usianze na kidonge cha aleji ukasubiri kuona. Kidonge kinasaidia kuwashwa, hakifungui koo wala hakipandishi presha iliyoshuka. Ukishachoma, lala miguu juu, kama pumzi ndo shida kaa umenyoosha miguu, usisimame ghafla wala kujipeleka chooni. Piga simu ya dharura. Zikipita dakika 5 mpaka 15 hakuna nafuu unachoma ya pili. Na hata ukipata nafuu hospitali unaenda, maana inaweza kurudi masaa kadhaa baadaye ukiwa umelala nyumbani.

Wenye pumu mko kwenye hatari zaidi. Na pombe, mazoezi makali na baadhi ya dawa za maumivu zinaweza kufanya mwili uliokuwa unavumilia kidogo usivumilie tena siku hiyo.

Kichwa_Kigumu

Nesi nisaidie. Mimi sijawahi kuwa na aleji ya chochote. Juzi tumekula sushi za jodari, nikaanza kusikia kama pilipili ulimini wakati haikuwepo, uso ukawa mwekundu, moto, kichwa kinagonga, moyo unakimbia. Na wenzangu wawili wakawa hivyo hivyo. Ina maana nimepata aleji ukubwani? Nimekuwa naogopa hata kunusa samaki.

nesi_wa_zamu

Aleji inaweza kuanza ukubwani, ila wewe umenipa jibu mwenyewe uliposema wenzako wawili. Watu watatu hawapati aleji meza moja siku moja. Hiyo inafanana sana na sumu ya histamini. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria wanageuza kitu kilichomo kwenye nyama kuwa histamini, na histamini ndiyo hiyo hiyo mwili wako unaimwaga ukipata aleji, ndo maana dalili zinafanana. Samaki anaweza asinuke na asionekane kaharibika. Kupika hakuitoi, kugandisha hakuitoi. Nenda kwa daktari akuandikie na akupime kama ana wasiwasi, lakini usijifungie samaki maisha yote kabla hujapimwa. Na waambieni pale mlipokula, wana samaki wa kutupa.

Kichwa_Kigumu

Dah. Nilikuwa nimeshaanza kuaga jodari.

Mjuaji_wa_Mtaa

Wakuu mimi nilisikia samaki wa sushi akigandishwa vizuri kila kitu kinakufa na aleji inaisha.

nesi_wa_zamu

Umechanganya vitu viwili mkuu. Kugandisha ni kwa ajili ya minyoo. Kuna mnyoo anaitwa anisakis, anakaa kwenye samaki wa baharini, ndo maana samaki wengi wa kuliwa wabichi wanagandishwa kwanza, Marekani mwongozo ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa masaa 15 kama wana mashine kali. Mnyoo anakufa. Lakini kuna watu wana aleji ya huyo mnyoo mwenyewe, na akifa protini zake zinabaki, nyingine hata moto zinavumilia. Wengine wanaishi wakidhani wana aleji ya samaki, leo anamla hana shida, kesho samaki wa aina ile ile anajaa mabaka. Hiyo ya "mara inatokea mara haitokei" mwambie daktari kama ilivyo, inamsaidia.

Begi_Mgongoni

Uzi mtamu. Mimi mwezi ujao naenda Japani kikazi, aleji yangu ufuta na kidogo soya. Nadhani kule ndo salama zaidi, si ndo kwao?

Ngisi_Mkavu

Hapana ndugu, hapo kuwa makini kuliko kawaida. Japani sheria inalazimisha vyakula vya paketi vitaje vitu kama mayai, maziwa, ngano, soba (zile mbegu za buckwheat za kutengenezea tambi), karanga, kamba, kaa, na walnati iliyoongezwa 2023. Ufuta na soya haviko kwenye lazima, viko kwenye orodha ya "inashauriwa", hata salmoni na vibua viko huko. Na mgahawa haubanwi na sheria hiyo. Kwahiyo ukikuta paketi haijataja ufuta usisherehekee.

Andikiwa kadi kwa Kijapani na mtu anayekijua kweli, itaje ufuta, mafuta ya ufuta, na ieleze ukila unakuwaje. Mpe mpishi kabla hujakaa. Kama ni ile ya mpishi kukuchagulia mwenyewe kila kipande, waambie siku unayoweka nafasi, sio ukiwa umeshakaa mbele yake, atakuwa ameshanunua na kuandaa. Na ile mikanda inayozungusha sahani mimi ningepita mbali, hujui sahani imekaa karibu na nini wala nani kadondosha nini, labda uagize ya kwako itoke jikoni.

Na soya "kidogo" maana yake nini? Kule utaiona kila mahali, hakikisha daktari kakwambia kidogo yako ni kiasi gani.

Begi_Mgongoni

Aisee. Kumbe Ulaya iko vizuri zaidi?

Ngisi_Mkavu

Kwenye karatasi ndio. Umoja wa Ulaya wana vitu 14, ufuta, soya, haradali, ngisi na pweza na wenzao wamo, na tangu Desemba 2014 hata chakula kisicho kwenye paketi wanatakiwa wakupe taarifa ukiuliza. Uingereza tangu Oktoba 2021 yale maboksi ya sushi wanayofunga pale pale dukani kabla hujaja lazima yaandikwe viungo vyote. Marekani ufuta uliingia kwenye orodha ya lazima Januari 2023, lakini ni vyakula vya paketi, na kwenye vya maganda wanataja kamba na kaa tu, ngisi na chaza havimo. Lebo isome ukijua sheria ya ulipo inataka nini.

Paketi za mwani za Japani nyingine zimeandikwa kabisa kwamba mwani huu umevunwa mahali wanapoishi kamba na kaa. Vidogo vinanasa humo. Mimi ya hivyo huwa naila, mwili wangu unavumilia na daktari anajua, wewe usiniige.

Tango_Tupu

Nilikuwa naona mwani ndo kitu pekee nilichobakiwa nacho 😭

Mama_Wawili

Sasa nimeamua nitatengeneza mwenyewe nyumbani, niwaite hao marafiki zake waje. Mdogo wake hana aleji na anapenda kamba na mayonezi. Nianzie wapi? Siki ya kawaida inafaa?

Fundi_wa_Visu

Siki nunua ile ya mchele, geuza chupa usome nyuma, kuna siki zinaitwa za nafaka zina ngano ndani, kwa yai sio shida yako ila ukialika watoto wa watu huwezi jua nani ana nini, waulize wazazi wao kabla. Wali ukishapoa kidogo gawa vyombo viwili kabisa na kila chombo na kijiko chake. Za mkubwa tengeneza kwanza zote, mkeka na kisu vikiwa safi, zifunike ziweke juu, ndo ufungue mayonezi. Usifanye za huyu na za yule kwa zamu, hapo ndo kijiko kinahama. Kwa samaki mbichi muulize muuzaji kama aligandishwa kwa ajili ya kuliwa mbichi, akikwepa swali weka aliyepikwa, au parachichi na tango, watoto wala hawajali.

Na sahani yake iwe ya rangi tofauti. Watoto wengi wakizunguka meza moja hakuna atakayekumbuka ulichosema.

Mama_Wawili

Nimeandika yote. Soya sosi nayo kibakuli chake peke yake?

Fundi_wa_Visu

Kila mtoto chake. Vijiti vikishachovya mara mbili tatu, kibakuli cha pamoja kina kila kitu kilichopo mezani.